Safari Isiyo na Matanga

Kevo na wenzake wa yadi ya magari ya watalii wameniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Kevo ndiye aliyerithi gari langu, kwa hiyo nashuku anachotaka hasa ni kujua kwa nini gia ya tatu inanguruma. Hilo nitamwambia kwa mdomo. Hapa nitaandika juu ya kuvusha watalii mipaka kwa gari, maana ndiyo kazi niliyoifanya tangu nikiwa na nywele kichwani hadi mwaka huu nilipokabidhi funguo. Kuna maaskari wa mpakani niliowajua kabla hawajaoa, na sasa tukikutana tunaulizana habari za dawa ya magoti.

Mjue mapema ninakoelekea. Watu wote niliowavusha walikuwa wageni wa kampuni. Mtu mmoja tu wa nyumbani kwangu aliwahi kuniomba nimvushe kama mtalii, naye ni mke wangu, Mama Brenda, na kila mwaka kazi haikunipa nafasi mpaka nilipostaafu. Safari yake ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote, ingawa gari lilikuwa na abiria mmoja na kuku wawili. Lakini niende kwa utaratibu, na utaratibu unaanza na Mzee Okelo.

Mzee Okelo aliishi Kambi Muru, kule Kibera, na ndiye dereva aliyenifundisha kazi. Vichochoro vya kwao haviingii gari, basi van ya kampuni ilikuwa inalala mtaa jirani wa Nyayo Highrise chini ya macho ya bawabu mmoja aliyekuwa mwenzake wa kanisani. Siku yangu ya kwanza nilitoka kwangu Kawangware alfajiri, nikamkuta anafuta vioo kwa gazeti kuukuu. Alinitazama kuanzia viatu kwenda juu. Nilikuwa nimevaa miwani ya jua na kofia pana, nikiamini ndivyo watu wa watalii wanavyovaa.

"Hiyo miwani ni ya nani?"

"Yangu, mzee."

"Weka kwa mfuko. Askari wa border anataka kuona macho. Akikosa kuona yako atatafuta kitu ingine ya kuangalia, na ataanza na buti ya gari."

Hivyo ndivyo alivyofundisha, maneno machache na yote ya matumizi. Ukikaribia mpaka zima redio. Shusha kioo kabla hujaombwa. Wageni wote waende choo kwenye kituo cha mafuta cha mwisho, wanaotaka na wasiotaka, kwa sababu foleni haijui kibofu cha mtu. Beba kalamu nyingi, maana mpakani kila mtu ana karatasi ya kujaza na hakuna mwenye kalamu. Yake alikuwa ameifunga kwa uzi kwenye kifungo cha shati, na nimewahi kumwona akijaziwa fomu na mgeni aliyeinama kifuani pake kama daktari. La mwisho lilikuwa hili: "Ukiulizwa jina, sema jina. Usipeane na ya babako." Askari akiuliza unakwenda wapi, jibu ni mahali, si hadithi.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa ya Namanga, mpakani na Tanzania, mimi na Mzee Okelo, tukiwa na mume na mke Wajerumani pamoja na binti zao. Enzi hizo ulipanga foleni mara mbili, kwanza kwetu kutoka, kisha kwa jirani kuingia, na katikati palikuwa na kipande cha barabara ambacho sikuwahi kuelewa ni cha nani. Nilikusanya pasipoti zote, nikajaza karatasi za watu wote, nikapeleka, nikarudisha, nikajiona nimekuwa mtu. Upande wa pili afisa akagonga mihuri ya wageni mmoja mmoja, kisha akanyoosha mkono kwangu. Akafungua pasipoti yangu, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Kijana, wewe uko nchi gani sasa hivi?"

Mimi mwenyewe sikuwa nimegongewa muhuri wa kutoka. Ilibidi nirudi Kenya kwa miguu, jua la mchana, kwenda kuaga nchi yangu. Wageni walinipigia makofi niliporudi. Mzee Okelo hakucheka mbele yao. Alingoja tukiwa wawili njiani kurudi, akacheka hadi Kajiado. Kosa hilo, nimekuja kujua, ni la madereva tu. Mtalii hawezi kusahau pasipoti yake mwenyewe kwa sababu ameishika kama yai. Tangu siku hiyo yangu ndiyo hutangulia dirishani, na nanyi fanyeni hivyo, hata mgeni akiona ni ukosefu wa adabu.

Waliokuwa wakienda mbugani upande wa Tanzania tuliwakabidhi palepale mpakani kwa dereva wa huko, kwa kuwa van zetu za watalii haziendelei hadi kwenye mbuga zao. Aliyekuwa akinipokea miaka mingi ni Bwana Massawe, mtu mpole wa shati lililopigwa pasi, ambaye hawezi kuanza kazi kabla ya kukujulia hali wewe, watoto, mama, na mvua. Mimi humsalimia "sasa, mzee," naye huumia kabisa. Alisema Kiswahili changu kinapaswa kuombewa kibali kabla ya kuingizwa nchini. Lakini kwa makabidhiano hakuna aliyemzidi. Hatukukabidhiana mizigo tu. Ningemwambia, huyu baba anaogopa urefu lakini hasemi, huyu mama hali nyama, hawa wawili wamegombana tangu Athi River usiwakalishe pamoja. Naye alinirudishia wageni na habari zao, wengine wamepatana, wengine wamezidi. Nawasihi msiache desturi hiyo kwa sababu ya simu. Ujumbe wa simu huandika majina na namba ya gari, basi.

Baadaye wakaja wageni wanaojiendesha. Wanakodi gari, wanataka kushika usukani wenyewe, na mimi naketi kando kazi yangu ikiwa mpaka. Watu hudhani kwamba kuvuka ni mambo ya pasipoti. Mtu huvuka upesi; gari ndilo lina maneno mengi. Wanataka kujua ni la nani, na kama si lako, wapi barua ya mwenyewe inayokuruhusu kulitoa nchini. Wanataka bima inayotambulika kule unakokwenda. Wataangalia pembetatu za kuonya na mtungi wa kuzimia moto, na siku ambayo mtungi umepitwa na muda ndiyo siku watakayousoma. Na sindano ya homa ya manjano mtu achomwe mapema, sio wiki ya safari.

Siku hizi vituo vingi vimeunganishwa. Unapita ofisi za nchi yako bila kusimama, unakwenda kusimama upande wa pili, na huko maafisa wa nchi zote mbili wameketi dirisha kwa dirisha. Ni jambo zuri, ila mgeni anayejiendesha akiona anaipita bendera yake bila mtu kumwuliza kitu, hudhani ameshavunja sheria. Nimewahi kushika usukani kwa mkono mmoja nikiwa kiti cha abiria, mama wa watu anataka kugeuza gari katikati ya malori.

Kesi ngumu zilikuwepo. Kuna kijana mmoja aliyekuja na kile kidude cha kurusha angani chenye kamera, bila kibali chochote, naye alipoulizwa kama ana kitu cha kutangaza akakitoa mwenyewe kwa furaha, akaanza kueleza kinavyoruka. Hapo ndipo nilipoelewa sawasawa Mzee Okelo na jina la baba. Tulikaa pale mpaka kivuli cha jengo kikahamia upande wa pili. Mwishowe kidude kikabaki stoo ya mpakani hadi atakaporudi, na njia nzima alikuwa akikizungumzia kama mzazi aliyempeleka mtoto bweni.

Sasa nifike kwa Mama Brenda.

Mke wangu amefanya kazi ya nyumba Lavington, mtaa wa matajiri, kwa miaka mingi. Asubuhi anatoka Kawangware kwa miguu pamoja na akina mama wenzake, jioni anarudi. Huko kazini yeye ndiye hupanga masanduku watu wakienda likizo: nguo za kuogelea huku, dawa za mbu huku, viatu chini. Anajua joto la miji ambayo hajawahi kuiona. Lakini yeye mwenyewe, tangu nimuoe, kila mara alipopanda gari la safari ndefu palikuwa na maiti. Watu wetu wa magharibi mlioko Nairobi mtanielewa. Anakufa mtu, mnachanga, mnakodi basi, mnaimba usiku kucha na jeneza, mnafika mkilia kuanzia langoni. Wanaume wanaketi chini ya turubai. Wanawake wanafunga leso kiunoni na kwenda moja kwa moja jikoni, na huko ndiko wanakomaliza siku zote za safari. Krismasi yenyewe tulikuwa tukienda mara chache, na mara mbili tatu tulikuta Krismasi imegeuka kilio.

Jioni moja nikiwa nimerudi kutoka Jinja, kule Uganda, na wageni, nikimsimulia mto unavyotoka ziwani na boti zinavyopelekwa na maji, alikuwa akichambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Baba Brenda, wewe unapeleka watu kuangalia maji. Mimi nikienda safari, maji naona ni ya kupikia watu wa kilio."

"Tutaenda siku moja."

"Mi nataka safari haina mtu amekufa. Moja tu. Hata kama ni fupi."

Hakulisema tena mara nyingi, lakini nilijua liko. Nilipostaafu, hata kabla sijazoea kuamka bila saa, nilimwambia achomwe sindano na atoe kitambulisho, tunakwenda Jinja. Kevo alituazima gari lake dogo, Probox, pamoja na barua ya kuruhusu, akaandika vizuri kweli, sikujua ana mwandiko.

Tatizo likaanza kabla hatujatoka. Mama Brenda alimwambia mwajiri wake kwamba anaomba siku chache, ana safari. Yule mama wa Lavington akamshika mkono: "Pole sana. Ni nani?" Alipomweleza kwamba hakuna, ni kutembea tu, akampa siku lakini akamwangalia kwa huruma, kama mtu anayeficha ugonjwa. Majirani zetu kwenye ploti ya nyumba za kupanga walipoona gari mlangoni wakaja mmoja mmoja wakiwa na nyuso ndefu. Mwekahazina wa chama chake cha akiba alifika akitaka kuanzisha mchango. Ilibidi mke wangu asimame penye mfereji wa kuchotea maji awatangazie wote: "Mko sawa, jameni. Hakuna matanga. Naenda kuona Uganda!" Wakacheka, lakini mama mmoja alibaki nyuma akanong'ona kuuliza kama kweli hakuna.

Tuliondoka. Mzigo niliupanga mwenyewe nyuma, sanduku moja, nikashangaa kuona na blanketi, sufuria na mfuko wa unga, nikanyamaza kwa sababu ya amani. Karibu na Timboroa, kule baridi inakoingia hata vioo vikiwa vimefungwa, gari likalia kama kuku.

Nikadhani ni mkanda wa injini. Likalia tena.

"Mama Brenda, hiyo ni nini?"

"Gani?"

"Hapo miguuni kwako."

Aliinua leso. Katoni yenye matundu, na ndani kuku wawili wa kienyeji, mitetea mizuri, wamefungwa miguu kwa kitambaa ili wasiumie. Mimi ambaye nilikagua mizigo ya wageni hadi kwenye soksi, nilikuwa nimepita miji yote hiyo na kuku ndani ya gari.

"Hizi ni za nini?"

"Za wenyeji."

"Wenyeji gani? Tunalala hoteli!"

"Hata hoteli ina watu. Sasa nitaingia kwa nchi ya watu mikono mitupu? Mara ya kwanza? Wataniona aje?"

Nilimweleza mambo ya mifugo na mipaka. Alinisikiliza vizuri, akafunika katoni. Sikuwa na pa kuwaacha. Njia panda ya kwetu ilikuwa mbele, na shemeji angewapokea kwa mikono miwili, lakini tulikuwa tumeapa kutopinda. Tukipinda tu tumekwisha. Kutakuwa na mtu amelazwa, au kikao, au ng'ombe anayehitaji uamuzi. Tulipofika pale Mama Brenda aligeuza uso upande wa pili, nami nikakanyaga mafuta. Ndiyo mara ya kwanza maishani tumepita njia ya nyumbani bila kuingia.

Kwetu magharibi kuna vituo viwili vikubwa vya kuingilia Uganda. Sitasema kilikuwa kipi, maana walioko pale walifanya kazi yao na sitaki wasumbuliwe. Malori yalikuwa yamepanga mstari mrefu. Nikazima redio, nikashusha kioo, nikavua kofia. Askari wa langoni alikuwa mtu mzima. Akainama, akaona blanketi, unga, sufuria, mwanamke aliyevaa leso, na wakati huohuo kuku mmoja akatoa kichwa kwenye tundu la katoni. Askari akavua kofia yake.

"Poleni sana. Ni wapi?"

"Jinja," nikasema. Nilikuwa nimeulizwa mahali, nikajibu mahali.

"Mzee ama mama?"

Nikakohoa.

"Haya, msipange line. Piteni hii side, nitawaongelea huko ndani."

Niliwasha gari. Mama Brenda alinitazama, nikatazama barabara. Sikuwa nimesema uongo. Nilikuwa nimekohoa tu. Na niseme ukweli wa kazi: mpakani watu wa msiba huonewa huruma na kila mtu, hata madereva wa malori huwapisha. Nikawaza kwamba kwa njia hii tutafika Jinja jua likiwa bado, aone mto siku hiyohiyo. Mtu ameomba safari moja, kwa nini nimpotezee siku nzima kwenye foleni.

Ndani tulipelekwa mbele ya watu wote. Dirishani alikuwa afisa wa Uganda, mwanamke mwenye umri wa binti yetu Brenda, na kando yake afisa wetu wa Kenya. Yule dada alikuwa ameshaambiwa. Alishika kalamu kwa upole, akachanganya na Kiganda chao: bambi ya huruma, ssebo kwa bwana, nyabo kwa bibi.

"Bambi, poleni. Marehemu ni nani kwenu, ssebo?"

Nilifungua mdomo. Mjomba wangu Wafula alikuwa amekufa zamani, mtu mkarimu katika uhai wake, na niliona hatakasirika akitumiwa mara moja tena.

"Madam," mke wangu akasema, "hakuna mtu amekufa."

Foleni nzima ikasikia. Afisa akamtazama yeye, akanitazama mimi.

"Sasa mnaenda kufanya nini, nyabo?"

"Kutembea. Mimi ni mtalii."

Nyuma yetu mtu akacheka, mwingine akaguna kwamba tumeruka foleni. Miaka yote hiyo sijawahi kuaibika dirishani hivyo, hata siku ya kidude cha kuruka.

"Mtalii na kuku?"

"Kuku ni ya wenyeji."

"Mnafikia kwa nani?"

"Kwa hoteli."

"Hoteli imeagiza kuku?"

"Haijaagiza. Ni heshima tu. Huyo atatufungulia mlango, nimpatie."

Afisa wetu wa Kenya akafunika mdomo kwa mkono. Yule dada akaweka kalamu chini, na alipozungumza hakukuwa na dharau ndani yake.

"Nyabo, mamangu angefanya hivyohivyo. Lakini kuku hai bila karatasi ya daktari wa mifugo haingii. Hata mngekuwa na msiba haingeingia. Rudisheni kuku, halafu mpange line kama wengine."

Tulitoka nje. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilikuwa na aibu ndani yake.

"Si ungeniachia tu? Tungekuwa tumepita!"

"Ulikuwa unataka kusema nani amekufa?"

"Mjomba Wafula."

"Huyo tulizika. Mimi ndiye nilipika." Alikuwa amesimama katikati ya uwanja, katoni mikononi, malori yakipita. "Unataka nimpikie tena? Baba Brenda, nikiingia huko na jina ya maiti, nitakuwa nimeenda matanga. Heri turudi Kawangware saa hii."

Hakuwa anatishia. Angepanda gari na tungerudi, na asingeniomba tena. Niliichukua ile katoni mikononi mwake. Nilitembea nayo hadi upande wa Kenya, kwa mama mmoja anayeuza chai karibu na lango, nikampa. Akauliza ni nani amekufa. Nilipomwambia hakuna, aliwageuza kuku wale mmoja mmoja akiwakagua kama ni wagonjwa, kisha akawakubali kwa mashaka na kunilazimisha kuchukua mandazi, kwa sababu hata yeye hawezi kupokea mkono mtupu. Yule askari wa langoni aliniona nikirudi na mandazi badala ya kuku, akarudisha kofia yake kichwani.

Tukapanga foleni. Ilikwenda polepole, mchana ukaisha, tukala mandazi tumesimama. Waliotucheka walizoea kutuona. Dereva mmoja wa lori akampa mke wangu ndoo aikalie. Nilipotazama saa alisema niache, watalii hawana haraka, ameona Lavington wakisema hivyo. Tulipofika dirishani alikuwa ni yuleyule dada, amechoka, akasogeza karatasi mbele yake.

"Sababu ya safari?"

Niliinama nijibu kwa mazoea, maana swali hilo nimelijibia watu wasiohesabika. Mama Brenda akanigusa mkono.

"Utalii," akasema.

Afisa akaandika. "Karibu Uganda, nyabo. Tembea vizuri."

Neno hilo la utalii nimelisikia likitamkwa mpakani kwa lugha zote za dunia, nami sikuwahi kulijali kuliko ninavyojali maneno ya kwenye muhuri. Siku hiyo nilikwenda kuangalia hewa ya matairi, ambayo haikuwa na shida yoyote.

Tulifika Jinja giza limeingia, kwenye nyumba ndogo ya wageni juu ya mto. Msichana wa mapokezi alitaka kumbebea sanduku, wakavutana nalo kidogo. Alitupa maji ya matunda, akatuuliza kama tumefika salama, na alipotaka kujua tunakaa hadi lini Mama Brenda akanigeukia, kwa sababu siku zote jibu la swali hilo lilikuwa hadi tuzike. Nikamwambia achague mwenyewe. Alifikiri sana kisha akasema Jumatatu.

Asubuhi niliamka peke yangu kitandani, leso yake haipo. Nilishuka chini. Mpishi akaniambia, akicheka, kwamba mama alikuwa ameingia jikoni mapema, amejifunga kiunoni, akaomba kisu amenye viazi, na ikabidi wamshike mkono wamtoe, wamwambie yeye ni mgeni. Walimwelekeza nyuma ya nyumba.

Nilimkuta kwenye veranda inayotazama maji, ameketi wima kwenye kiti kama mtu aliyengojeshwa kwa daktari. Mbele yake kulikuwa na chai na mkate ambavyo vimeandaliwa na mtu mwingine. Mikono ilikuwa mapajani, haifanyi kitu. Machozi yalikuwa yakimtoka wala hayafuti.

Niliogopa. Kwetu machozi ya asubuhi ni simu kutoka nyumbani.

"Nani amepiga?"

"Hakuna amepiga."

"Sasa unalia nini?"

"Niache, Baba Brenda. Sijawahi kulia na hakuna mtu amekufa."

Nikavuta kiti, nikakaa.